Mtoto akiumwa: tazama pumzi, kinywa na mkojo kabla ya kipimajoto

Kwenye foleni ya kliniki ya watoto hapa Mombasa, iwe Likoni, Tudor, Kisauni au Changamwe, swali huwa lilelile: joto lake limefika ngapi? Jirani auliza, muuza dawa auliza, na nyanya yake apiga simu kutoka Kwale kuuliza. Ni swali zuri, lakini jibu lake lina uzito mdogo kuliko tunavyodhani. Mtoto wa miaka 2 mwenye joto la 39.5 anayezunguka uani akidai biskuti ana nafuu kuliko mwenzake wa 37.9 aliyelala kimya na kukataa titi. Anavyokunywa, anavyopumua, anavyokojoa na anavyochangamka ndivyo vinavyomwambia tabibu kama ni wa kurudi nyumbani au wa kulazwa, na yote hayo mzazi aweza kuyaona bila mashine.

Nitaandika kwa kirefu kuhusu homa, kuhara na kifua, kwa sababu ndiyo yanayojaza mabenchi ya kliniki zetu. Mengine nitayapitia kwa ufupi.

Homa

Ukipima kwapani, 37.5 na kwenda juu ni homa. Joto hilo ni mwili wenyewe unapigana na vijidudu. Ikiwa mtoto anasumbuka, mpe dawa ya homa, ngoja kama saa moja, kisha mtazame. Akichangamka na kunywa vizuri, pana muda wa kungoja pakuche na kumpeleka kupimwa malaria kwa utulivu. Joto likishuka naye bado amelegea, au akataa kila kinywaji, au atapika kila anachomeza, huyo si wa kungoja asubuhi.

Kanuni hii haimhusu mtoto wa chini ya miezi 2. Kwake 37.5, au mwili kuwa baridi chini ya 35.5, ni safari ya hospitali saa hiyohiyo, hata kama anaonekana mzima. Maambukizi ya damu katika umri huo huwa hayana dalili nyingine hadi yamekwisha kukomaa. Usimpe parasetamoli kwanza "ili tuone kama itashuka." Ikishuka, imekuficha ugonjwa tu.

Parasetamoli hupimwa kwa kilo: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya mtoto, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Dawa ya maji iliyozoeleka madukani ina miligramu 120 katika mililita 5. Basi mtoto wa kilo 8 hupewa mililita 5, na wa kilo 12 hupewa 7.5. Pima kwa sirinji isiyo na sindano. Vijiko vya jikoni hutofautiana sana, kimoja chachukua mililita 3, kingine 7. Hatari kubwa zaidi iko kwenye matone. Ile chupa ndogo ya watoto wachanga aghalabu ina miligramu 100 katika mililita 1 tu, yaani ukali wake ni zaidi ya mara 4. Anayemimina mililita 5 za matone akidhani ni ile dawa ya kawaida amempa mtoto miligramu 500, na akirudia kwa siku mbili tatu, ini laumia. Soma pia chupa ya dawa ya mafua kabla ya kuichanganya na ya homa, kwani nyingi tayari zina parasetamoli ndani yake.

Mvue sweta. Tunamfunga mtoto blanketi "atoke jasho" ilhali chumba chenyewe ni tanuri, hasa miezi ya kaskazi, na joto lake lazidi kupanda kwa kuwa halina pa kutokea. Fulana nyepesi na dirisha wazi vyatosha. Maji baridi au barafu usitumie. Ngozi ikipoa ghafla mtoto hutetemeka, na kutetemeka huko huzalisha joto jipya.

Kuhusu malaria, pima kabla ya kutibu. Kipimo cha kutoboa kidole hutoa jibu kwa dakika 15 hadi 20. Kikionyesha malaria isiyo kali, dawa ni ile ya mchanganyiko wa artemetha na lumefantrini. Mtoto wa kilo 5 hadi 14 humeza kidonge 1 kila dozi, wa kilo 15 hadi 24 humeza vidonge 2. Dozi ya pili ni saa 8 baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku 2 zinazofuata, jumla dozi 6. Mpe pamoja na kitu chenye mafuta, kama maziwa, titi, au uji uliotiwa njugu za kusaga, kwa sababu bila mafuta sehemu kubwa ya lumefantrini hupita tumboni bila kuingia mwilini. Akitapika kabla ya nusu saa, rudia dozi hiyo. Wengi huacha siku ya pili homa ikishatulia, na vidonge vilivyobaki vyawekewa mtoto mwingine. Wiki mbili tatu baadaye malaria imerudi.

Kipimo cha malaria kikitoka safi, hapa mjini lazima tufikirie dengi, homa nyingine inayoletwa na mbu. Mombasa ilipata mlipuko wa dengi mwaka 2013 na mwingine 2017, na kuanzia mwisho wa 2017 hadi 2018 tukapata chikungunya. Mbu wa magonjwa haya mawili ana madoa meupe miguuni, huuma mchana, na hutaga mayai kwenye maji masafi yaliyotulia. Hapo ndipo mgao wa maji unapotuumiza. Mfereji ukitoka siku moja kwa juma, kila nyumba huweka mapipa na mitungi, na kila pipa lisilo na kifuniko ni nyumba ya mbu. Kumwaga maji peke yake hakutoshi, kwa kuwa mayai hugandama kwenye kuta za pipa juu ya usawa wa maji na huweza kukaa makavu kwa miezi. Sugua kuta kwa brashi mara moja kila wiki, kisha funika kwa kifuniko kinachobana au kitambaa kilichofungwa kamba. Neti isingoje usiku, mtoto akilala mchana pia afungiwe.

Homa ikiwa ya dengi, au hujui ni ya nini, usimpe ibuprofeni, aspirini wala diklofenaki. Dengi hupunguza chembe za kugandisha damu, na dawa hizo huongeza kuvuja. Na jambo linalowapotosha wazazi wengi: saa za hatari za dengi huja homa inaposhuka, kati ya siku ya 3 na ya 7. Kila mtu ashashukuru Mungu kuwa mtoto amepoa, kumbe mishipa ndiyo inaanza kuvuja maji. Tumbo kuuma sana, kutapika mfululizo, damu kwenye fizi au puani, mikono na miguu baridi, usingizi usio wa kawaida: yoyote kati ya hayo, nenda hospitali.

Nina neno moja kuhusu taifodi. Kipimo cha damu cha Widal, kinachopimwa mara moja tu, hakithibitishi taifodi. Mtoto aliyewahi kukutana na vijidudu vya jamii hiyo, au mwenye homa nyingine kabisa, aweza kuonekana "ana taifodi." Watoto wengi mno wachomwa sindano za antibayotiki siku tano kwa sababu ya karatasi hiyo. Kipimo cha kuaminika ni kuotesha damu maabara, kuona kama vijidudu vyenyewe vitakua. Ukiambiwa taifodi kwa mtoto mwenye homa ya siku 2 na mafua, una haki ya kuuliza imejulikanaje.

Degedege

Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 aweza kukakamaa na kutetemeka homa inapopanda ghafla. Wazee wetu waliita dege au nyuni, na hofu yake ni kubwa kwa sababu inavyoonekana ni kama mtoto anakufa mkononi. Mlaze ubavu sakafuni, ondoa vitu vigumu karibu naye, legeza nguo shingoni, na tazama saa. Usitie chochote mdomoni: si kijiko, si kidole, si maji, si mafuta. Meno hayavunjiki kwa degedege, lakini huvunjika kwa kijiko. Usimfukize na usimmwagie maji. Nyingi huisha kabla ya dakika 5. Ikipita dakika 5, mbebe hospitali ingali inaendelea. Na hata ikiisha yenyewe, siku hiyohiyo apimwe malaria na sukari ya damu, na daktari ahakikishe si homa ya uti wa mgongo, hasa akibaki hajitambui nusu saa baadaye au shingo imekakamaa. Familia ikitaka kusomewa dua, isomwe njiani. Tunachoomba ni kwamba kituo cha kwanza kiwe hospitali.

Kuhara

Mtoto anayehara huuliwa na ukavu, na vijidudu vyenyewe vyaweza kumalizika bila dawa yoyote. Ukielewa hilo, utaona kwa nini dawa muhimu kuliko zote ni pakiti ya ORS, ile ya chumvi na sukari, na kwa nini kukimbilia dukani kununua antibayotiki ya Flagyl ni kupoteza pesa na saa za thamani. Kuhara kwingi kwa watoto wachanga husababishwa na virusi, navyo havisikii Flagyl.

Soma pakiti kabla ya kuichanganya. Nyingi tunazopewa hapa ni za nusu lita, nyingine ni za lita 1. Kwa ile ya nusu lita, chupa tupu ya maji ya kunywa ya mililita 500 ndicho kipimo bora. Ijaze, mimina yote kwenye chombo safi, kisha tia pakiti nzima. Usiigawe pakiti kwa glasi moja moja, kwa sababu unga wa ndani haukuchanganyika sawasawa na hutajua glasi ipi imepata chumvi yote. Ikiwa nzito mno, chumvi hupanda kwenye damu na yaweza kuleta degedege. Ikiwa nyepesi mno, haimrudishii alichopoteza. Kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe.

Sasa, maji gani? Visima vingi vya kisiwani na vya upande wa bahari vina maji ya chumvi, na hata yakichemshwa chumvi haiondoki. ORS imepimwa kwa maji matamu. Ukiichanganya na maji ya kisima cha chumvi, umemwongezea mtoto chumvi juu ya chumvi. Tumia maji ya mfereji yaliyochemshwa na kupoa, au yaliyotiwa dawa ya kutibu maji, au ya chupa. Maji ya muuza maji wa mkokoteni yaonje kwanza, maana mtungi uliojazwa kisimani na uliojazwa bombani hufanana kwa macho.

Kila anapoharisha, mtoto wa chini ya miaka 2 anywe mililita 50 hadi 100, yaani robo hadi nusu ya kikombe cha chai. Wa miaka 2 na zaidi anywe 100 hadi 200. Mpe kwa kikombe au kijiko, kijiko kimoja cha chai kila dakika moja au mbili. Wanaosema "kila akinywa yeye hutapika" mara nyingi wamempa kikombe kizima mara moja, na tumbo lililochafuka hukirudisha chote. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha anza tena polepole zaidi. Ni kazi ya kukaa kitako naye saa 3 au 4, na mara nyingi ndiyo inayomuepusha na dripu.

Pamoja na ORS mpe zinki: kidonge cha miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14. Wa chini ya miezi 6 hupewa nusu kidonge. Kiyeyushe kwenye kijiko kwa maji au maziwa ya titi. Kuhara hukoma siku ya 3 na wazazi huacha zinki hapo, ilhali faida yake nyingine ni kumpunguzia mtoto uwezekano wa kuhara tena miezi 2 au 3 inayofuata. Maliza zote.

Madafu ni kinywaji kizuri na mtoto aliyekwisha kuanza chakula aweza kuonjeshwa, lakini hayawezi kuchukua nafasi ya ORS: yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, na anayehara hupoteza sodiamu. Soda na juisi za pakiti ziache kabisa. Sukari yake nyingi huvuta maji kutoka mwilini kuingia utumboni, na kuhara kwazidi. Titi liendelee, na chakula kiendelee. Kumnyima chakula "tumbo lipumzike" humdhoofisha, na utumbo wenyewe wahitaji chakula ili upone.

Dalili za kukauka zitazame kwa mikono yako. Finya ngozi ya tumbo kando ya kitovu kwa vidole viwili, kwa kufuata urefu wa mwili, kisha achia. Yapasa irudi papo hapo. Ikirudi polepole, amekauka. Ikichukua zaidi ya sekunde 2, hali ni mbaya. Macho yaliyozama, utosi uliobonyea kwa mtoto mchanga, kukosa mkojo kwa saa 6, kunywa kwa pupa kama aliyetoka jangwani au kushindwa kunywa kabisa: hizo ni safari ya hospitali. Utosi uliobonyea haurudishwi kwa kupakwa dawa juu yake, hurudi maji yakirudi mwilini. Damu kwenye choo yahitaji antibayotiki aliyoichagua tabibu. Na choo cha maji meupe kama ya mchele, kinachomwagika bila kikomo, kichukulie kuwa kipindupindu: toka saa hiyo, ukimnywesha ORS njiani.

Chanjo ya virusi vya rota imo katika ratiba ya Kenya tangu 2014, ya matone, ya kwanza wiki ya 6. Isichelewe, kwa kuwa ina kikomo cha umri. Na chupa ya kunyonyesha, ikiwezekana, iache. Chuchu yake haisafishiki vizuri kwa maji ya mgao. Hata mtoto mchanga aweza kunywa kwa kikombe kidogo.

Kifua

Karibu kila kikohozi cha mtoto ni mafua ya virusi na aghalabu huisha ndani ya wiki 2 hadi 3. Kazi ya mzazi ni kukitofautisha na nimonia, na chombo chake ni saa. Mvue shati mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi. Hesabu kila tumbo linapopanda kwa dakika 1 nzima. Kuhesabu sekunde 15 kisha kuzidisha kwa 4 hudanganya, kwa kuwa watoto hupumua kwa mawimbi. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni za haraka mno. Miezi 2 hadi mwaka 1, ni 50 au zaidi. Mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Kisha tazama pale mbavu zinapoishia: pakibonyea ndani kila anapovuta pumzi, anatumia nguvu zisizo za kawaida. Pua zinazotanuka, kuguna kila anapotoa pumzi, midomo ya rangi ya buluu, au kushindwa kunyonya kwa sababu ya kuhema, huyo ahitaji oksijeni, na oksijeni iko hospitali.

Nimonia isiyo kali hutibiwa kwa amoksilini, vidonge vinavyoyeyuka majini, mara 2 kwa siku kwa siku 5. Ni bora kuliko ile ya unga wa chupa, ambayo ikishachanganywa yataka mahali pa baridi na yafaa itupwe kwa tarehe iliyoandikwa. Katika joto letu, kwa nyumba isiyo na friji, haikai.

Dawa za kikohozi za rangi rangi hazifupishi kikohozi hata kwa siku moja, na nyingine humlaza mtoto hata usijue kama ni dawa au ni ugonjwa umezidi. Aliyetimiza mwaka 1 apewe nusu kijiko cha chai cha asali kabla ya kulala. Chini ya mwaka 1 asali ni marufuku, kwani yaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu ya kupooza. Pua iliyoziba itie matone mawili ya maji ya chumvi kila tundu kabla ya kunyonya: nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya mililita 250 za maji yaliyochemshwa na kupoa, na yatengenezwe upya kila siku. Karafuu maiti usiipake puani wala kifuani kwa mtoto mchanga, na usiache kipande mahali atakapokifikia. Ikimezwa huleta degedege. Mweke mbali pia na mafuta ya taa yaliyowekwa kwenye chupa ya soda. Mtoto akiyanywa, usimtapishe wala usimpe maziwa, kwa sababu madhara makubwa hutokea yanapopita kwenda mapafuni wakati wa kutapika. Mpeleke hospitali na chupa yenyewe.

Kwa mtoto ambaye kifua chake hulia filimbi mara kwa mara, tuzungumze wazi kuhusu moshi. Udi na ubani ni heshima ya nyumba zetu, hilo halina ubishi. Lakini kifua chenye pumu hakibagui moshi wa udi na moshi wa makaa, wala ule wa dawa ya mbu ya kuchoma. Fukiza mtoto akiwa nje, fungua madirisha, mrudishe moshi ukiisha. Hata arubaini yaweza kufanywa hivyo.

Dawa ya pumu ya kupuliza, inhela, ni bora kuliko salbutamoli ya kunywa, ambayo huchelewa na kumtetemesha mikono. Bila kifaa cha kati, kinachokaa baina ya inhela na mdomo wa mtoto, dawa nyingi huishia ulimini. Kifaa hicho hutengenezwa nyumbani kwa chupa ya plastiki ya nusu lita. Chora mdomo wa inhela kwenye kitako cha chupa, toboa kwa waya uliopashwa moto kufuata mchoro, chomeka inhela, ziba pembeni kwa plasta pasivuje hewa. Ioshe kwa maji ya sabuni na uiache ikauke yenyewe bila kuifuta, maana kitambaa huamsha umeme wa plastiki unaonasa dawa ukutani. Tikisa inhela, mtoto aweke midomo kwenye mdomo wa chupa, puliza mara 1, avute pumzi 5 au 6 za kawaida, kisha tikisa tena na rudia kwa idadi aliyoandika daktari. Kupuliza mara tatu kwa mkupuo ni kosa linaloonekana kila siku: matone hugongana na kuanguka, na mtoto apata dawa kidogo kuliko ungempulizia mara moja. Asiyeweza kushika chupa mdomoni, takriban chini ya miaka 4, ahitaji barakoa ya uso.

Wiki za kwanza

Kitovu kipakwe dawa moja tu, jeli ya klorheksidini inayotolewa kliniki, mara moja kwa siku hadi kianguke. Iweke mbali na macho, kwa kuwa imewahi kudhaniwa ni dawa ya macho na kuleta madhara makubwa. Majivu, mate, dawa ya meno na poda, hapana. Wekundu unaoenea kwenye ngozi ya tumbo au usaha ni hospitali.

Umanjano kwa ngozi yetu hauonekani vizuri usoni. Tazama fizi, weupe wa macho, nyayo na viganja, kwenye mwanga wa jua. Ukitokea ndani ya saa 24 za kwanza, au ukifika nyayoni, apimwe damu siku hiyo. Kumwanika juani dirishani hakutoshi kumtibu, na unapochelewa, umanjano waweza kuingia ubongoni na kuacha ulemavu wa kudumu. Kwetu pwani kuna sababu ya ziada: upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kinachozilinda seli nyekundu za damu, umeenea, hasa kwa wavulana. Mtoto wa aina hiyo akivishwa nguo zilizotunzwa kwenye sanduku lenye nafthalini, zile gololi nyeupe za kufukuza nondo, seli zake za damu hupasuka na umanjano hupanda kwa kasi. Nguo za urithi kutoka kwa kaka au binamu zifuliwe, zianikwe juani hadi harufu iishe kabisa. Ikiwa haiishi, asivishwe.

Maji hapewi hadi atimize miezi 6, hata Januari. Maziwa ya mama ni maji kwa karibu asilimia 88, na mtoto mwenye kiu hunyonya mara nyingi zaidi, basi. Familia inayofanya tahniki, yaani kumpaka mtoto mchanga tende kinywani, itumie tende iliyolainishwa sana, kwa kidole kilichooshwa kwa sabuni, apakwe tu asiachiwe kipande. Asali isitumike. Wanja usipakwe machoni wala kwenye nyusi, kwa kuwa mwingi una risasi, na madini hayo hudumaza akili kimyakimya.

Ngozi

Vipele vidogo vya joto shingoni na mgongoni vyataka upepo na maji, basi. Mafuta mazito na poda huziba vinyweleo na kuvizidisha. Upele unaowasha usiku, wenye vidonda katikati ya vidole na kwenye viganja, hupakwa krimu ya pamethrini ya asilimia 5 mwili mzima, iachwe usiku kucha, irudiwe baada ya siku 7. Nyumba nzima ipake usiku mmoja, ndipo haurudi. Kuwasha kwaweza kuendelea wiki 2 hadi 4 hata wadudu wakiwa wamekufa. Choa cha kichwani hakiponi kwa krimu, kwani kuvu imo ndani ya shina la nywele. Chataka dawa ya kunywa kwa wiki kadhaa. Na zile krimu za mchanganyiko zinazouzwa kwa kila kitu aghalabu zina steroidi kali, ambayo huficha choa huku kikienea na kuipunguza ngozi unene.

Selimundu

Pwani yetu ina watoto wengi wenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa seli za damu ambao wengi huuita sikoseli, na bado hugunduliwa wakiwa wamechelewa. Dalili ya mwanzo kati ya miezi 6 na miaka 2 huwa ni viganja na nyayo kuvimba na kuuma, pande zote mbili, bila kuanguka wala kugongwa. Nyingine ni weupe wa viganja, macho ya manjano yanayokuja na kuondoka, na kuongezwa damu zaidi ya mara moja. Mtoto wa chini ya miezi 6 kipimo cha kawaida cha haraka chaweza kutoka safi ilhali anao, kwa kuwa damu yake ingali na hemoglobini ya kitoto. Omba kipimo kinachotenganisha aina za hemoglobini, na ndugu zake wote wapimwe.

Akithibitishwa, hunywa penisilini mara 2 kila siku hadi miaka 5: miligramu 125 kabla ya miaka 3, kisha 250. Sababu ni kwamba wengu wake haufanyi kazi ya kuchuja vijidudu. Hupewa pia asidi ya foliki na kinga ya malaria, na daktari atamweleza mzazi kuhusu haidroksiyurea, ambayo hupunguza maumivu na haja ya kuongezwa damu. Mzazi afundishwe kupapasa wengu upande wa kushoto chini ya mbavu. Ukivimba ghafla naye akawa mweupe na dhaifu, damu imezama humo, na ni suala la saa. Kwake yeye homa ya 38.5 haingojewi kuona kama atachangamka. Aende hospitali usiku huohuo, na juu ya jalada la kijitabu cha kliniki iandikwe kwa herufi kubwa kuwa ana selimundu, ili tabibu wa zamu asihitaji kuuliza.